Sinia Chini ya Gari la Waziri

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Ufalme, wa mijini na wa mashambani, wenye pikipiki na wasio nazo, ya kwamba kuanzia leo tone la oili linaloanguka chini ya pikipiki iliyotengenezwa nchini si kasoro. Ni urithi. Atakayeliita kasoro atakuwa anawasaidia washindani wetu wa ng'ambo, na Wizara haitamtazama kwa jicho zuri.

Maneno hayo si yangu. Ni ya Wizara ya Viwanda na Moyo wa Taifa, na yalibandikwa kwenye lango la kiwanda cha Pemble, mjini kwetu Dunsley, asubuhi moja ya mvua. Vita tulikuwa tumevishinda miaka ishirini nyuma, na bado hatukuwa tumechoka kuvishinda. Kila Jumamosi kwenye baa tulivishinda upya, na Jumapili tukapumzika.

Nasimulia haya kwa sababu nilikuwemo. Nilikuwa Mjumbe wa Kamati ya Kitaifa ya Kusimamia, Kuhifadhi na Kuendeleza Tone, upande wa masinia. Wapo watu wenye wivu wanaosema Edna Tranter alikuwa mama wa kusukuma toroli la chai tu. Chai niligawa, sikatai. Lakini kwenye koti langu kulikuwa na beji, na kwenye makoti yao hakukuwa na kitu.

Kwanza mjue pikipiki yenyewe. Iliitwa Pemble Jemadari. Ilikuwa nzuri, nzito, na ilinguruma hata vikombe vikacheza kabatini. Na ilidondosha. Tangu enzi za babu yake Bwana Pemble ilidondosha, na hakuna aliyeona ajabu. Watu walitandika gazeti la jana chini yake kama unavyomwekea paka. Mjini kwetu ukitaka kujua kijana fulani anamchumbia nani, hukuuliza mtu. Ulipita mtaani ukatazama doa la oili liko mbele ya mlango wa nani. Mama mmoja jirani yangu aligundua doa la pili mbele ya mlango wa mjane wa muuza samaki, na mumewe akahamia kwa dada yake wiki hiyohiyo. Tone lilikuwa na faida zake. Wizara haikukosea kabisa.

Basi padri msaidizi wa kanisa letu akanunua pikipiki ya Kijapani.

Watu walikwenda kuitazama baada ya ibada, wakapanga foleni kama wanaaga maiti. Mume wangu Horace, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa kuunganisha injini pale Pemble, alilala chali juu ya changarawe za kanisa, akiwa na suti yake ya Jumapili, akaingiza kichwa chini ya ile pikipiki. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alijipangusa magoti.

"Kukavu," akasema.

Usiku ule hakula. Nilimpikia soseji na viazi, akavisogeza pembeni, akaenda kukaa na njiwa wake bandani.

Sababu ya tone ilijulikana na kila mtu, hata na paka wa kiwanda. Mashine zetu za kukerezea vyuma zilinunuliwa na yule babu wa Bwana Pemble. Wakati wa vita zilikesha zikitengeneza vipuri vya ndege, na vita vilipokwisha hazikupumzishwa wala hazikubadilishwa. Baba yake Bwana Pemble alipopata faida alinunua picha kubwa ya rangi ya yeye mwenyewe akiwa na mbwa. Mashine zilichakaa, vyuma vikawa havikutani sawasawa, na palipo na mwanya oili hupita. Wajapani na Wajerumani wao viwanda vyao vilipigwa mabomu vikasawazishwa na ardhi, ikabidi wanunue mashine mpya. Sisi tulipata bahati mbaya ya kutopigwa vizuri.

Benki ikasema: mashine mpya kabla ya Krismasi, au lango lifungwe. Horace alikuwa na miaka hamsini na minane na kifua kinachokoroma kikipata baridi. Mtu wa namna hiyo lango likimfungia nje, halifunguki jingine. Anakuwa mtu wa kukaa dirishani akitazama mvua, akimuuliza mkewe kila nusu saa kama anataka msaada jikoni. Nilikuwa nimewaona waume wa wenzangu. Jikoni kwangu ni padogo.

Bwana Rupert Pemble na Clem Yardley wakapanda treni kwenda London pamoja kuiomba serikali mashine. Bwana Pemble ndiye mwenye kiwanda, na Clem ndiye mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ilikuwa mara ya kwanza watu hao wawili kukubaliana jambo tangu wabatizwe. Wizara iliwasikiliza kwa makini sana, ikaelewa kilio chao, ikaunda kamati.

Kamati ilifika Dunsley na mwavuli. Mwenye mwavuli aliitwa Bwana Lisle-Whitmore. Alikuwa mrefu, msafi, na aliongea polepole kama mtu anayewaeleza wagonjwa kwamba hospitali imejaa. Pikipiki hakuwahi kupanda, jambo lililomwezesha kulitazama suala zima bila upendeleo.

Alitukusanya karakanani akatueleza matokeo ya utafiti. Alisema tatizo letu si tone. Tatizo ni mtazamo wetu juu ya tone. Mjapani hana tone, na je, ana furaha? Hakungoja jibu. Alisema kuanzia sasa neno "kuvuja" halitatumika ndani ya kiwanda. Pikipiki haivuji, inajidhihirisha. Na serikali, kwa kutambua jukumu lake la kihistoria, haitatuletea mashine, ambazo zingeliua tone, bali itatuletea masinia.

Yakaja masinia. Malori matatu. Kila pikipiki ya Pemble itakayouzwa itatoka na sinia lake la bati, zuri, limechorwa simba wa taifa akiwa amesimama kwa miguu ya nyuma. Mimi nililiosha la kwanza, na kwa kuwa nina tabia ya kugeuza vyombo, nililigeuza. Kwa nyuma, kwa herufi ndogo za adabu, palichapwa: Limetengenezwa Japani.

Nilimpelekea Bwana Lisle-Whitmore. Akalitazama kwa nyuma, akaligeuza, akalitazama kwa mbele.

"Upande unaoonekana ni wa Kiingereza, Bi Edna," akasema. "Huo mwingine unatazama sakafu."

Nikaelewa kwa nini amefika alikofika.

Ikazuka hoja ya nani ayabebe masinia. Msicheke. Kwetu mtu hakugusa kazi isiyo yake. Fundi umeme hakupigilia msumari, na seremala hakushika waya hata kama unawaka moto. Mafundi wa kuunganisha walisema sinia si sehemu ya pikipiki. Wafagiaji walisema si takataka. Wachukuzi walisema si mzigo mpaka liwekwe kwenye sanduku. Kiwanda kilisimama, mazungumzo yakaendelea hadi maua ya bustani ya Bwana Pemble yakanyauka, na mwisho Clem akaleta makubaliano ya mwaka arobaini na nane, kifungu kinachohusu vyombo vya jikoni. Sinia ni chombo cha jikoni. Basi ni la mama wa chai. Ikatiwa saini kwamba ndani ya Ufalme huu sinia la Kamati haliwekwi, halisogezwi, haliondolewi na mtu yeyote ila Mjumbe wa Masinia, naye ni Edna Tranter, mradi yu hai.

"Dada Edna," Clem aliniambia akinibandika beji, "leo una mamlaka kuliko askofu."

Nikamwambia askofu hana hata toroli.

Kamati ikatunga kanuni. Nyingi nimezisahau, ila ya nne naikumbuka kwa sababu zitakazoonekana. Ilisema: chombo chochote chenye injini ambacho hakitajidhihirisha kwa angalau tone moja ndani ya nusu saa, kitahesabiwa kuwa cha kigeni, na afisa wa serikali hatapanda chombo cha kigeni. Waziri mwenyewe aliisoma Bungeni, na wabunge wakapiga meza.

Ndipo tukaambiwa Waziri anakuja kwetu, na televisheni inakuja naye, kwa ajili ya Sherehe ya Tone la Kwanza. Bwana Pemble alizunguka karakana nzima akinong'ona kwamba amepata fununu. Waziri ana zawadi, kubwa, ya chuma. Hakutaka kutaja neno lenyewe asije akalitia mkosi. Lakini kila mtu alilitaja kimoyomoyo: mashine. Horace alijinyoa mara mbili siku hiyo. Alifunga tai ya harusi yetu, ile yenye doa, akaniuliza kama doa linaonekana. Nikamwambia ajidhihirishe tu.

Waziri alikuja kwa gari jeusi refu, linateleza kama limepakwa siagi, na mbele ya gari nembo yetu ya taifa inang'aa. Alikuwa mtu mnene wa kupendeza, mwenye sauti ya kanisani. Alipanda jukwaa. Nikaleta sinia juu ya mto wa zambarau, nikalisukuma chini ya Jemadari mpya. Waziri hajafika hata kwenye sentensi ya pili, tone likaanguka. Kisha la pili. Jemadari hakuwa mtu wa kukuangusha mbele za wageni. Watu wakapiga makofi, bendi ya shaba ikapuliza.

Waziri akasema tone hili ni lilelile lililodondoka kwenye barabara za ushindi. Akasema mataifa yasiyodondosha ni mataifa yasiyo na cha kudondosha. Halafu akasema serikali yake imesikia ombi la watu wa Dunsley, na haikuja mikono mitupu. Akavuta kitambaa.

Lilikuwa sinia. Sinia la pili, kubwa zaidi, la kuwekwa chini ya lile la kwanza.

Makofi yalipigwa na Bwana Lisle-Whitmore. Yalisikika vizuri kwa sababu hayakuwa na mwenziwe. Nilimtazama Horace. Alivua kofia yake, kama mtu aliyeona jeneza linapita, kisha akakumbuka yuko wapi akaivaa tena.

Waziri alikuwa amefungua kinywa kuendelea pale king'ora kilipolia. Saa nne. Saa nne ni chai. Watu wote wakageuka wakaenda kukaa. Bendi ikakaa. Wapiga picha wa televisheni nao walikuwa na chama chao, wakaweka kamera chini wakakaa. Waziri akabaki jukwaani na kinywa wazi na Bwana Lisle-Whitmore, ambaye alimweleza kwamba hii ni desturi ya mahali na itapita.

Mimi nilipeleka kikombe kwa dereva wa Waziri, kwa kuwa dereva ni mtu. Aliitwa Perce, Mlondoni, uso mrefu kama farasi aliyesikia habari mbaya. Sasa, mtu wa Dunsley akisimama karibu na gari lolote hutazama chini. Si umbea, ni mazoea. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, uwanja wote una madimbwi, na juu ya kila dimbwi la kwetu utaona zile rangi za upinde wa mvua zinazoachwa na oili. Chini ya gari la Waziri dimbwi lilikuwa safi. Ungeweza kumnawishia mtoto uso.

"Gari lako haliachi doa," nikamwambia.

"Kunywa chai yako, mama, usiniingize matatani," akasema Perce.

"Chai ni yako. Hili ni la Kiingereza kweli?"

Akatazama huku, akatazama kule. Akanyoosha kidole akaibinya ile nembo ya taifa upande mmoja, ikainuka kama kifuniko cha kopo. Chini yake palikuwa na nembo nyingine. Wanaojua magari watanielewa nikisema ilikuwa ya kwao wale tuliowashinda Jumamosi.

"Letu lipo gereji," akasema Perce. "Lipo gereji tangu Pasaka. Lina masinia manne."

Mimi si mtu wa kueneza maneno. Nilimwambia Clem tu, tena kwa wadhifa wangu.

Chai ilipokwisha na kamera zikainuliwa, Clem alipanda jukwaani akavua kofia. Akasema wafanyakazi wa Pemble wameguswa sana na zawadi ya sinia la pili, hawana cha kumrudishia Mheshimiwa ila heshima, na wangeomba lile sinia jipya liwekwe kwanza chini ya gari la Mheshimiwa mwenyewe, ili nchi nzima ione tone lake. Watu wakapiga makofi, na safari hii yalikuwa mengi.

Waziri akabadilika rangi kidogo kidogo, kutoka shingoni kwenda juu. Bwana Lisle-Whitmore alisema sherehe ni ya pikipiki. Clem akasema kwa upole kwamba kanuni ya nne inasema chombo chochote chenye injini. Akauliza kama Bwana anaikumbuka kanuni ya nne. Bwana aliikumbuka, kwa kuwa aliiandika.

Nikaja na mto wangu wa zambarau. Nikapiga magoti, nikasukuma sinia, nikainuka. Bwana mwenye kipaza sauti wa televisheni akatazama saa yake mbele ya nchi nzima, akasema sasa tunangoja.

Tukangoja. Bendi ikapiga nyimbo zote inazozijua, ikaanza tena. Simba aliyechorwa kwenye sinia alikuwa mkavu hadi masharubu. Waziri alijaribu kusema ana mkutano London, lakini mlinzi wa lango akaeleza kwamba chombo kilicho chini ya tathmini hakitoki, ni kanuni ya sita, na akaomba radhi kwa dhati. Waziri akasema basi angependa kunawa mikono. Akaletwa kwenye kibanda changu cha chai, maana ndiko kulikuwa na bomba. Wakaingia naye Bwana Pemble, Bwana Lisle-Whitmore na Clem. Mimi nilikuwamo tayari, nikisuuza vikombe.

"Nani anaweza kuliondoa lile sinia?" Waziri akauliza, na sauti ya kanisani ilikuwa imemtoka.

Wote wakanitazama.

"Ni mimi tu, Mheshimiwa. Lakini si kabla ya nusu saa."

Akamgeukia Bwana Pemble, akasema kiwanda hiki kizima hakikosi mtu wa kwenda kulegeza skrubu moja. Bwana Pemble akamtazama Clem. Clem akasema kwa masikitiko kwamba mwanachama wake hawezi kugusa injini ya kigeni, iko kwenye makubaliano, na kama Mheshimiwa anataka yajadiliwe upya wanaweza kuanza Jumatatu.

"Tone ninalo mimi," nikasema.

Nikainua birika la Horace. Horace hunywa chai yake peke yake, imechemka tangu alfajiri, nyeusi tii, kijiko kinasimama. Nikaimimina kidogo kwenye kisosi.

"Rangi ni ileile, Mheshimiwa. Wapo wateja wangu wanaosema hata ladha."

Waziri akatazama kisosi, akanitazama mimi. Siyo mjinga, hakufika Bungeni kwa kura za bure. "Unataka nini, mama?"

"Mashine," nikasema. "Mume wangu ana miaka hamsini na minane na hajui kazi nyingine ila hii na njiwa. Wewe nenda kasimame mbele ya ile kamera, useme mashine mpya zinakuja Dunsley kabla ya Krismasi. Ukishasema, na nchi ikisikia, mimi nitakwenda kukagua sinia langu na kikombe changu mkononi. Nani katika nchi hii atamshuku mwanamke mwenye kikombe cha chai?"

"Huu ni ulaghai mtupu."

"Kitaalamu, Mheshimiwa," akasema Bwana Lisle-Whitmore, akitazama dari, "ni mashauriano na wadau."

Waziri akanawa mikono kwa muda mrefu. Akajifuta kwa taulo langu la vyombo, akatoka.

Alizungumza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Akasema lile sinia la pili lilikuwa ishara tu, na sasa ameridhika kwamba watu wa Dunsley wana subira, na kwa ajili hiyo anatangaza mashine mpya, zote, kabla ya Krismasi. Alisema "zote" mara mbili, maana Clem alikuwa amesimama nyuma yake akikohoa. Horace hakupiga makofi. Alitafuta mahali pa kukaa.

Nikatembea hadi kwenye gari na kikombe changu. Nikapiga magoti kwa taabu, nikainama kukagua. Perce aligeuza uso akatazama mawingu. Nilipoinuka, simba alikuwa na tone katikati ya kifua.

Uwanja ukalipuka. Wapiga picha wakalala tumbo chini. Sasa yule bwana wa kipaza sauti, ambaye nadhani alikuwa na mama wa chai nyumbani kwake, akamuuliza Mheshimiwa kama hakika hiyo ni oili. Ingetosha kusema ndiyo. Lakini Waziri alikuwa amepata moto wa makofi, na mtu mwenye moto huo hatazami mbele. Akasema yeye amelelewa na oili hii, angeijua gizani. Akainama, akachovya kidole. Mbele ya Ufalme wote akakiweka mdomoni.

Horace hutia sukari vijiko vitano.

Uso wa Waziri ulipita mahali pengi. Ukafika mwisho, ukatulia.

"Ya nyumbani kabisa," akasema.

Mashine zilikuja kabla ya Krismasi. Zilikuwa za Kijerumani, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine aliyezitengeneza. Bwana Lisle-Whitmore alizipaka rangi ya kijani upande unaoonekana. Jemadari wa kwanza aliyetoka kwenye mashine hizo, Horace alimsimamisha uani kwetu usiku kucha juu ya shuka yangu nyeupe, na asubuhi akalala chali akaingiza kichwa.

"Kukavu," akasema.

Alikula mayai manne, na mkate uliokaangwa, na yangu. Alimaliza miaka yake pale Pemble akatoka langoni kwa miguu yake mwenyewe, na saa ya zawadi mkononi, ambayo haijawahi kutembea.

Kamati ilikutana kwa dharura. Kwa kuwa Jemadari hakujidhihirisha tena, kanuni ya nne ilikuwa wazi: ni chombo cha kigeni. Pemble tukanyang'anywa simba. Pikipiki zikauzwa bila simba na zikauzwa vizuri, kwa miaka kadhaa, mpaka Bwana Rupert alipoanza kufikiria kuchorwa picha na mbwa. Mnajua yaliyofuata. Palipokuwa na karakana sasa pana duka la mazulia.

Lakini Kamati haikufa. Kiwanda kikifa, kamati yake huongezewa bajeti. Ilijengewa jumba jipya London, refu, la vioo, lenye paa bapa la kisasa. Na majuzi nikaletewa gari la kunichukua, mimi mzee mzima, kwa ajili ya maadhimisho. Sikujua kwa nini wamenikumbuka, mpaka nilipoingia.

Mvua ilikuwa inanyesha London, na ilikuwa inanyesha ndani pia. Paa la Kamati linavuja tangu lilipozinduliwa. Masinia yalikuwa kila mahali, juu ya meza, kwenye ngazi, kwenye zulia, yale yale ya simba, na yote yalikuwa yamejaa hadi ukingoni. Karani mmoja alikuwa anachapa huku amevaa kofia ya mvua. Bwana Lisle-Whitmore, sasa ni Sir, amekaa ofisini kwake chini ya mwavuli uleule, na maji yanamfika kwenye soksi.

Nikamuuliza kwa nini haliezekwi. Akaeleza kwa sauti ileile ya hospitali. Mafundi wa paa walikuja, wakaomba hati inayosema paa lina kasoro ili waanze kazi. Na katika jumba lile hakuna mwenye mamlaka ya kuliita tone kasoro. Tone ni urithi. Wao ndio walinzi wake.

"Lakini masinia si mngeyamwaga tu?"

Akanitazama kwa macho ya mtu aliyekuwa akiningoja kwa miaka.

"Makubaliano, Bi Edna," akasema. "Hakuna anayeruhusiwa kuyagusa. Ila wewe."

Tone likaanguka kwenye kikombe chake. Nikatafuta kiti kikavu, kilikuwepo kimoja, nikafungua mkoba wangu nikatoa chupa ya chai. Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kamili.

Nikakaa.